Samadi ya Boma la Alute

Jumapili, 17 Novemba 1974

Mvua bado. Kila alasiri mawingu yanakusanyika upande wa Mgori, yanatutazama, kisha yanaondoka.

Nimeanza kuandika tena. Nilipokuwa mwalimu wa shule niliandika maandalio ya masomo kila siku. Sasa nimestaafu, nafundisha katekisimu tu, lakini mkono wangu haujakubali kustaafu. Mke wangu Redempta anasema naandika kwa sababu nimekosa mtu wa kumweleza mambo. Ni kweli. Yeye amechoka kuelezwa.

Basi nieleze tulipo. Tangu Septemba tunakaa katika kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Unyaghande, tulikozaliwa, sasa ni mahame. Si mbali, mtu akiondoka alfajiri, jua likianza kuchoma anakuwa amefika. Serikali inataka watu wakae pamoja ili wapate shule, zahanati na maji ya bomba. Nakubaliana na jambo hilo, na nililisema mbele ya watu. Namna lilivyofanyika ni habari nyingine. Waliochelewa kuhama walipandiwa na mgambo juu ya tembe zao, paa likabomolewa. Mzee Alute alikuwa mgonjwa wa kifua. Walimtoa nje na kitanda chake, wakamwacha kwenye upepo. Aliyepanda juu ya paa lake na kuanza kuling'oa ni Gasto, ambaye sasa anakaa mstari wa pili kutoka kwetu, na mkewe Sara na mtoto wao mchanga, Anselm.

Alute hakumaliza mwezi wa kumi. Aliomba azikwe kwake, tukamrudisha Unyaghande, tukamlaza kando ya zizi lake kama wazee wetu wanavyolazwa.

Leo baada ya sala mjane wake, Yustina, alinifuata. Alibatizwa misheni akiwa msichana, lakini aliolewa na mtu asiye Mkristo, ndoa ya kimila, na miaka yote hiyo hakukaribia meza ya Bwana. Sasa anataka kurudi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Pasaka nitakula na wenzangu?"

Nikamwambia ahudhurie darasa, padre akija atamwandika. Alishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Mwanamke mkavu, mrefu, asiyezoea kuomba kitu.

Jumatano, 20 Novemba

Upepo. Vumbi mpaka ndani ya uji.

Jumapili, 1 Desemba

Majilio. Darasani nilifundisha juu ya Ufalme wa Mungu. Neno hilo linasumbua watu wetu, kwa sababu wakisikia ufalme wanafikiria mtemi, ngoma na askari. Nikawaeleza kwamba Yesu alipotaka kuuonyesha Ufalme hakuchukua mfano wa mlima wala wa simba. Alichukua punje ya haradali. Alichukua hamira ndani ya unga, na kikombe cha maji anachopewa mtu mwenye kiu. Haradali hawaijui, kwa hiyo nikamwekea kila mmoja punje ya uwele kiganjani. Nikasema, unaingia kijijini hivi, bila tarumbeta. Mtu anamtendea mwenzake jambo dogo, na hapo Mungu ametawala.

Yustina alikuwa bado anaitazama punje yake.

"Mwalimu, na kwa adui unaingia hivyo hivyo?"

"Kwa adui hasa. Tumeambiwa, adui yako akiwa na njaa, mlishe."

"Hata kama hajaomba?"

"Hata kama hajaomba."

Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Adui akisikia hivyo atahamia kwangu na watoto." Darasa zima likacheka. Yustina hakucheka.

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua! Tangu jana alasiri. Kila mtu shambani.

Jumamosi, 14 Desemba

Niandike juu ya samadi, maana mwaka huu ndiyo inayonitia hofu. Mgeni akipita Unyaturu anaona mchanga tu na kushangaa tunakula nini. Hajui kwamba uwele wetu haulishwi na ardhi, unalishwa na zizi. Boma la mtu lina zizi, na mashamba yanalizunguka boma, na kila mwaka kabla ya mvua samadi inabebwa na kumwagwa. Ardhi nyeusi iliyo mbele ya mlango wa mtu ni kazi ya babu yake. Ukimhamisha mtu na kumpa ardhi mpya, hata iwe kubwa mara mbili, umempa mchanga. Hapa kijijini ng'ombe wamefungiwa pamoja, na samadi yao imetengwa kwa ajili ya shamba la kijiji. Nilimweleza jambo hili mwenyekiti wetu, Nathanaeli. Ni mtu mwema lakini anawaogopa wakubwa zake.

"Mwalimu," akasema, "mimi mwenyewe ni Mnyaturu, unanifundisha samadi? Wewe waeleze wilayani."

Redempta ananiambia Yustina anatoka nyumbani kabla kuku hawajashuka, na anarudi jioni akinuka zizi, na tenga kichwani limefunikwa majani. Nadhani anakwenda kaburini. Nikamwonya, maana mgambo wamekataza watu kurudi mahame.

"Naenda kumsalimia mzee," akanijibu.

"Na tenga?"

"Mzee hapendi mgeni wa mikono mitupu."

Nilicheka. Sikuuliza zaidi. Mjane ana njia yake ya kulia.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Padre hakuweza kuvuka korongo, limejaa. Tuliimba tu.

Jumapili, 19 Januari 1975

Uwele umesimama magotini na umekuwa wa njano. Shamba langu, la Nathanaeli, la Yustina, yote rangi moja, kama majani ya mgonjwa. Shamba moja tu ni la kijani kibichi, la Gasto. Na Gasto mwenyewe hakulishughulikia. Tangu Novemba ameshinda Ikungi na mgambo wenzake, wanajenga ghala. Sara alilima peke yake, mtoto mgongoni.

Watu wanapita wanalitazama na kukaza mwendo. Lazima nieleze kwa nini. Kwetu, shamba likistawi katikati ya mashamba yaliyokufa, watu hawasemi mwenyewe ana bahati. Wanasema ana dawa ya kuvuta, kwamba rutuba ya wenzake inatambaa chini ya ardhi usiku na kuingia kwake. Kisimani leo walimwuliza Sara kwa kicheko, "Mama Anselm, shamba lenu likishiba litatubakizia?" Sara aliinamisha kichwa akachota maji yake.

Gasto simpendi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Ana miguu ya mtu anayekanyaga vitu vya watu. Lakini leo nilimwona amesimama kando ya shamba lake akilitazama kwa woga, kama mtu aliyekuta mlango wake wazi.

Jumapili, 9 Februari

Kabla ya Kwaresima nafundisha daima mambo matatu: sala, kufunga na sadaka. Nikasema sadaka itolewe kwa siri, hata mkono wa kushoto usijue kazi ya mkono wa kuume, na Baba aonaye sirini atalipa. Nikatoa mifano, kwamba mtu anayewasaidia jirani zake na kujitangaza, hao jirani wameshamlipa kwa kumsifu.

Yustina alibaki nyuma. Shingo yake imepinda kidogo, anashindwa kuigeuza. Nikamwuliza, akasema ni mizigo.

"Mwalimu, mtu akiwa na siri njema, na ile siri ikaanza kumtisha, aitoe?"

"Siri njema inamtishaje mtu?"

"Naulizia tu."

Nikamwambia avumilie, kwamba jambo likishatangazwa limepoteza nusu ya uzito wake. Nilieleza kwa kirefu. Nilifurahi kwamba mwanamke asiyesoma anauliza maswali ya namna hiyo. Akasema, "Nimeelewa, mwalimu," akaenda zake.

Alhamisi, 20 Februari

Anselm, mtoto wa Gasto, ana homa. Inakuja, inaondoka. Mbu ni wengi mno mwaka huu kwa sababu ya madimbwi waliyochimba mafundi wa matofali. Nilimwambia Sara ampeleke mtoto hospitali ya misheni. Alisema baba yake akirudi.

Jumatano, 26 Februari

Naandika haya jua likiwa bado juu, kwa sababu siwezi kufanya kingine.

Gasto amerudi kutoka Ikungi. Jana alfajiri alijificha kwenye ukingo wa shamba lake. Alitaka kumkamata mtu anayemharibia jina. Akamkamata Yustina, ameinama kati ya mistari ya uwele, anamimina samadi kwenye mashina kwa kiganja, tenga liko kando yake. Alipiga yowe la vita. Kijiji kizima kilitoka. Nilipofika walikuwa wamemzunguka, na mtu alikuwa amemwaga tenga lake chini na kulitazama kana kwamba nyoka atatoka.

Leo kukawa na baraza kwenye uwanja wa shule. Nathanaeli alianza kwa kusema kwamba serikali haitambui uchawi, kwa hiyo hapa hatuzungumzi uchawi, tunazungumza amani ya kijiji. Halafu kila mtu akazungumza uchawi.

Gasto alisimama. Amekonda. "Mimi nina swali moja. Hiyo kitu ulitoa wapi?"

"Zizini kwetu," Yustina akajibu. "Unyaghande."

"Zizi alipozikwa mzee Alute?"

"Ndiyo zizi letu. Hatuna lingine."

Watu waliguna. Hata mimi niliguna, na mimi ni mwalimu. Maana fikiri. Mtu amembomolea mzee paa, mzee amekufa, na mjane wake anachukua udongo wa penye kaburi, alfajiri, kwa kujificha, na kuuweka katika shamba la yule mtu, na mtoto wa yule mtu anaugua. Katika nchi yetu jambo hilo lina jina moja tu. Hakuna mtoto asiyelijua.

Nathanaeli akamwuliza kwa upole, "Dada yangu, uliweka kwa nini?"

Yustina alinitazama kwanza. Ndipo akasema, "Mwalimu alifundisha adui akiwa na njaa apewe chakula. Chakula mimi sina. Samadi ninayo."

Mtu mmoja akapaza sauti, "Hee! Huyu Mkristo au ng'ombe?" Uwanja mzima ukacheka. Kilikuwa kicheko cha watu wanaoogopa, na hicho hakina mwisho mzuri.

"Na kwako uliweka?" akauliza mwanamke mmoja.

"Nilianza na kwake. Nguvu zikaniishia."

Nikaomba nafasi. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Nilieleza rutuba, nikawakumbusha kwamba wote tumelelewa na samadi, nikaeleza amri ya kumpenda adui, nikaeleza kwamba kaburi liko kando ya zizi, na samadi imechotwa katikati. Nilipomaliza walinitazama kama darasa ambalo halijaelewa lakini linamheshimu mwalimu. Ndipo yule mzee wa nyuma, yule mcheshi wa darasani, akaniuliza bila ucheshi wowote:

"Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini jambo jema lina aibu gani hata lifanywe kwa kujificha?"

Jibu nilikuwa nalo. Nililifundisha mimi, tarehe tisa ya mwezi huu, na Yustina alilipokea kutoka mdomoni mwangu. Nikawaambia hivyo, kwamba ni mimi niliyefundisha sadaka ya siri. Wakatikisa vichwa. Walidhani namkinga.

Nathanaeli alifunga baraza kwa kusema Yustina asiingie tena katika shamba la mtu, na wilaya itaulizwa. Hapana aliyetosheka.

Alhamisi, 27 Februari

Gasto ameita mganga kutoka upande wa Itigi. Mganga amesema udongo wote uliotoka kwa marehemu lazima uondolewe, vinginevyo mtoto atamfuata mzee.

Tangu asubuhi Gasto anachimba. Anang'oa uwele uliomfika kiunoni, mstari kwa mstari, anaubeba pamoja na udongo wake na kuutupa korongoni. Nilimwambia, "Gasto, unang'oa chakula cha mwanao. Mchukue mtoto, twende misheni, nitakwenda na wewe."

"Mwalimu, niache. Hujauguliwa na mtoto wewe." Aliendelea kupiga jembe.

Sara alikuwa amekaa chini kwenye kona ya shamba, Anselm mgongoni, kichwa cha mtoto kikilala huku na huku. Gasto alipofika hapo alimwambia aondoke. Hakuondoka. Akamwambia mara nyingine, kwa Kinyaturu na kwa sauti. Sara akakaa kama jiwe, hakumjibu, hakumtazama. Gasto alisimama na jembe lake mkononi. Mwishowe aligeuka. Kona ile imebaki.

Jumapili, 2 Machi

Mtoto anazidi. Mganga ametaka mbuzi.

Alhamisi, 6 Machi

Anselm amefariki. Walikuwa wameanza safari ya kwenda misheni hatimaye, baiskeli ya Nathanaeli, Gasto anaendesha, Sara amekaa nyuma. Walikuwa hawajafika hata barabara ya Ikungi. Sara alirudi kwa miguu amembeba, hakukubali kupanda tena.

Ijumaa, 7 Machi

Tumezika. Yustina hakuja, Redempta alimzuia, na alifanya vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna aliyempiga Yustina. Niliogopa mawe, hayakurushwa. Walichofanya ni kingine. Kisimani akifika ndoo zote zinaondolewa. Jana alikwenda kuomba moto kwa jirani, jirani akazima moto wake kwa maji mbele yake, akasema, "Hatuna." Moto! Kwetu hata mwizi hanyimwi moto.

Leo asubuhi mlango wake ulikuwa wazi na nyumba tupu. Nathanaeli anajua amekwenda wapi, na kila mtu anajua. Sheria ni kumrudisha. Nathanaeli alisimama mlangoni muda mrefu, akaniambia, "Mwalimu, mimi sijaona kitu." Nilimdharau. Baadaye nikaona ndiyo rehema pekee aliyokuwa nayo, na ameitoa.

Jumapili, 16 Machi

Padre alikuja. Nilimwomba Yustina akubaliwe Pasaka. Alisikiliza yote. Ni mtu wa busara, lakini amechoka, ana vigango vingi vya kuzungukia. Akasema tungoje mambo yatulie, Wakristo wasikwazike. Nilimwuliza Wakristo gani. Hakupenda swali langu.

Jumapili, 30 Machi

Pasaka. Watu wengi. Nguo safi. Nilisoma somo kwa sauti niliyozoea, nikahisi nasoma katika chumba kitupu.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda Unyaghande. Yustina amejenga kibanda ndani ya kuta za tembe yao, pale paa liliposimama, kwa miti michache na nyasi. Mvua inaingia. Anakohoa kama marehemu mumewe alivyokohoa. Nilimpelekea chumvi na kiberiti.

Alinikaribisha kwa adabu zote, akanipangusia kigogo nikae. Hakulaumu. Aliuliza, "Padre alisemaje?"

Nikamweleza. Nilitafuta maneno laini na ndiyo sababu nikasema mengi. Nilidhani hakuelewa, halafu akasema, "Basi Pasaka ijayo."

Nikamwambia arudi, akae kwetu, Redempta amekubali. Alikataa kwa kichwa. "Mtakosa moto na nyinyi."

Nilipokuwa naondoka aliniita. "Mwalimu. Yule mtoto. Ulinishuku?"

"Hata kidogo."

"Mimi nilijishuku," akasema. "Nilipokuwa nachota, siku nyingine nilikuwa na hasira. Nilikuwa nachota nalia, namkumbuka mzee alivyotetemeka kwenye upepo. Nikajiuliza kama hasira iliingia tengani."

Miaka yote niliyofundisha juu ya dhamiri sijapata kuulizwa hivyo. Nikamwambia kwamba kumtendea mema mtu unayemkasirikia ni kugumu kuliko kumtendea unayempenda, na Mungu anapokea mzigo kama ulivyobebwa. Sijui kama ilitosha. Alisema ahsante.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua zimekatika mapema.

Jumatatu, 12 Mei

Mavuno, kama yanaweza kuitwa hivyo. Masuke yangu ni membamba kama vidole vya mgonjwa. Redempta anapepeta na upepo unachukua karibu yote. Nathanaeli amepata debe, wengine hata hilo hawana. Lori la mahindi ya njano ya serikali linangojewa.

Kona ya Sara imezaa. Ni kipande kidogo, mtu anakivuka kwa hatua chache, lakini masuke yake yamejaa hadi yanainama. Watu walikuja kuitazama. Hapana aliyesema dawa. Yule mzee mcheshi alisugua suke moja kiganjani, akapuliza, akahesabu kwa macho, akazirudisha zile punje chini kwa uangalifu na kuondoka.

Gasto hakuvuna. Alikaa ndani.

Jumamosi, 17 Mei

Sara alikuja jikoni kwetu mchana, mbele ya watu, na kibuyu cha unga. Mimi nilikuwa nje nikawasikia.

"Mama, shikamoo. Huu ni wa yule kule."

"Marahaba, mwanangu. Kwa nini usiupeleke mwenyewe?"

Sara alishusha sauti. "Nitapelekaje? Siku zile za kupanda nilikuwa nikimwona. Tangu mwanzo. Nilikuwa natoka na mtoto alfajiri namwona anamwaga, naingia ndani. Nilijua ni samadi. Nilinyamaza kwa kuwa Gasto angeniuliza kwa nini niliruhusu. Na barazani nilinyamaza."

Nilisikia Redempta akiweka kibuyu juu ya kichaga.

Nilikuwa nimemdhania Sara mtu asiye na kitu ndani. Nilikosea. Alikaa kwenye ile kona na mtoto anayekufa mgongoni, na kwa mtu anayeogopa mume hiyo ilikuwa ndiyo njia yake ya kusema. Ilichelewa. Mengi tunayotenda yanachelewa.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya sala nilikwenda Unyaghande na Redempta. Yustina hawezi kuinuka tena. Redempta aliwasha moto akapika uji wa ule unga. Sikuwa na mkate wa altare wa kumpa, na nisingekuwa na ruhusa ya kuutoa. Nilikuwa na uji.

Nikamwinua kichwa, Redempta akamnywesha. Nikamweleza umetoka wapi. Aliuonja.

"Wa kona ile?"

"Wa kona ile. Sara ameuleta."

"Mzito," akasema. Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Mzee angejivuna. Alikuwa akisema hakuna zizi kama letu."

Alikunywa kidogo tena, akaomba kilichobaki akinywe Redempta, naye akakinywa, na mimi nikapewa cha mwisho. Hapo nje hapakuwa na kitu ila kuta na jua. Nimehudhuria ibada nyingi maishani mwangu.

Jumatano, 21 Mei

Redempta alibaki naye. Leo asubuhi ametuma habari. Yustina amekwisha kufa.

Alhamisi, 22 Mei

Nilizunguka kijiji jana kutafuta wachimbaji. Mmoja alikuwa na mgeni, mwingine alikuwa na mguu unaomwuma, mwingine aliniambia ukweli, kwamba anaogopa. Nathanaeli alisema atakuja mazishini lakini akionekana na jembe pale mahame, wilaya itauliza. Kwa hiyo leo nilitoka peke yangu na majembe mawili, la pili kwa kutumaini tu.

Gasto alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama kando ya zizi, karibu na kaburi la Alute, jembe lake begani. Tulisalimiana. Nilimwonyesha mahali, akaanza.

Anachimba vizuri, lazima niseme. Juu kulikuwa na samadi kavu, akaikwangua na kuiweka upande wake, asiichanganye na udongo, kama mtu yeyote wa kwetu anavyofanya bila kufikiri. Chini yake ardhi ilikuwa nyeusi. Redempta na Sara walikuwa ndani ya kuta wakimwosha marehemu. Sara alikuja kwa njia yake, hakufuatana na mumewe.

Shimo lilipomfika kiunoni Gasto alisimama, akajifuta uso kwa mkono.

"Mwalimu."

"Naam."

"Alikuwa mchawi?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Gasto."

Alipiga jembe mara chache tena. Halafu akaliacha limekwama ardhini, akaniinulia macho kutoka shimoni, na sikuona tena yule mtu wa juu ya paa, niliona baba wa mtu.

"Basi mwanangu alikufa na nini?"

Nilikuwa na jibu. Ningeweza kumweleza mbu, homa, siku tulizozipoteza kwa jembe na kwa mbuzi wa mganga, na hospitali ambayo ingefikiwa kwa baiskeli. Ningeyapanga vizuri, akaelewa yote. Maisha yangu yote nimefanya kazi hiyo.

Nilivua koti. Nikachukua jembe la pili, nikashuka ndani ya shimo, nikasimama kando yake, tukachimba.